Pumzi ya Kupimwa

Mume wangu alikuwa fundi viatu, na mtaa mzima ulimwita Bomba, kwa kuwa hukumkuta ameinamia kiatu bila sigara mdomoni. Binti yetu alipojifungua, mtoto akaonekana ana pumu. Moshi kidogo tu, kifua kinaanza kulia kama bawaba kavu. Binti akatuambia kwa adabu kwamba hatamleta tena kwetu mpaka babu yake aache.

Mzee wangu akasema ameacha. Haikupita wiki, binti akaona kipisi chini ya dirisha. Mzee akaapa, na tena haikuwa kweli. Mwisho binti akamwambia, "Baba, usiniapie. Siku mashine ya zahanati itakaposema umeacha, nitamleta."

Mashine yenyewe ni kidude cha kushika mkononi, chenye kimrija cha karatasi ambacho kila mtu anawekewa chake. Ilikuwa ya kikundi cha kuacha sigara kilichokutana katika chumba cha nyuma cha zahanati, chini ya mabango ya chanjo. Unavuta hewa, unaibana kifuani, kisha unapuliza polepole mpaka iishe. Ukiwa umevuta sigara, inawaka taa nyekundu. Ukiwa umejizuia, kijani. Nilikuwa nampeleka mzee wangu na kumsubiri hapo hapo, na muuguzi aliyekiongoza kikundi nilimpenda kwa jambo moja. Wa kijani alipigiwa makofi, lakini wa nyekundu alivutiwa kiti karibu naye na kumiminiwa chai.

"Chai yako ndiyo inayoniharibu," kinyozi wetu alimwambia siku moja. "Nikiacha sigara, nani atanikaribisha tena?"

"Wewe acha tu. Nitakuletea birika zima dukani kwako."

Mzee wangu aliinywa sana chai hiyo. Kisha vimrija vikaisha. Muuguzi aliomba vingine, akaomba tena, na mashine ikakaa kabatini. Aliendelea kutukusanya bila mashine, akimuuliza kila mtu amelalaje, amekula nini, nani kamtia hasira. Ni katika kipindi hicho mzee wangu aliacha. Safari hii aliacha kweli. Najua, kwa sababu nililala kando yake akitetemeka, na nguo zake nilizifua mimi.

Lakini mapafu yalikuwa yameshachoka. Alianza kwa kushindwa kupanda ngazi ya mlangoni, akamalizia kwa kushindwa kutoka kitandani.

Hapo ndipo vimrija vilipofika, vikiletwa na kijana wa tathmini. Wenye mradi uliokigharimia kikundi walitaka kujua nani ameacha, ili waamue kama kikundi kiendelee. Asiyepimwa, alisema, anahesabiwa kuwa bado anavuta.

"Huyu mzee anaumwa," muuguzi alimwambia. "Ameacha, nakuhakikishia."

"Nakuamini, dada. Lakini tukihesabu maneno ya mdomo, vikundi vyote vitaonekana vimefaulu, na hatutajua kipi kinasaidia watu."

Alisema kwa upole, wala hakuwa na kosa. Akakubali waje nyumbani, na mashine akaibeba mwenyewe, ameikumbatia kama yai.

Mzee aliposikia wanakuja aliniomba shati safi na kitana.

"Umejipamba kama unakwenda kuposa," nikamwambia.

"Ndiyo. Namposa mjukuu wangu."

Muuguzi alimkalisha, akamshika mgongo. Mzee akavuta hewa, akaibana, kikohozi kikaitoa. Akapumzika, akajaribu tena. Tena kikohozi. Safari nyingine aliibana mpaka macho yakajaa machozi, akapuliza, na pumzi ikakatika kabla haijafika popote. Hakuna taa iliyowaka, nyekundu wala kijani. Muuguzi alimfuta kidevu kwa leso yake mwenyewe.

"Muandike kijani," alimwambia kijana. "Chumba hiki kinanuka sabuni tu."

Kijana aliangalia ukuta. Kabla hajajibu, mzee akasema, "Usiandike. Mwanangu nimemdanganya vya kutosha."

Walipoondoka, binti akapiga simu. "Mama, imesema nini?"

Nilimtazama mzee. Akatikisa kichwa.

"Haikusema kitu, mwanangu. Baba yako hana pumzi ya kuiwasha."

"Nakuja," akasema.

Alikuja peke yake. Pale mlangoni alisimama na kunusa. Hakukusudia, ni mazoea ya mama mwenye mtoto wa pumu. Baba yake alimwona.

"Nusa tu, mama," akamwambia. "Nusa na koti lile pale."

Binti alikwenda kwenye koti lililoning'inia msumarini, akazika uso wake humo, na hakutoka upesi. Alipogeuka alisema, "Naenda kumchukua."

"Nenda. Usimkimbize, asije akabanwa na kifua."

Binti alipotoka, mzee aliniomba nifungue dirisha, nalo lilikuwa wazi. Nikalifunga, nikalifungua tena, ili asikie. Akageuzia uso wake mlangoni, na nikamshika mkono mpaka ukaacha kunishika.

Binti alirudi na mtoto kiunoni. Alikuwa ametembea polepole, kama alivyoambiwa. Hakuna aliyehitaji kumwambia kitu, uso wangu ulitosha.

Majirani wakaanza kufika. Wanaume wawili walitoa sigara kibarazani, na nikamsikia kinyozi akiwaambia kwa sauti ya chini, "Jamani, twendeni ng'ambo ya barabara. Kuna mtoto ndani." Akavuka nao, ingawa yeye mwenyewe hakuwasha.

Ndani, binti alimweka mtoto kitandani, karibu na miguu ya babu yake. Akainama, akaweka sikio kifuani pa mwanawe kama anavyofanya kila mara, akasikiliza.

"Kimetulia, mama," akasema. "Hakilii kabisa."

Kisha akakaa chini sakafuni, akalia yeye.