Vigelegele Saba

Siku chuo kilipompangia Getnet masomo ya ukunga, majirani walimletea baba yake mikate ya injera, wakaketi uani wameinamisha vichwa kama wafanyavyo msibani. Mzee Mekuria akazipokea pole zote. Mwanawe aliomba uhandisi, akapewa wanawake wenye uchungu!

"Mkunga mwenye ndevu!" alifoka. "Neno hilo lisitamkwe humu ndani. Ng'ombe watakauka maziwa."

"Lakini baba, uuguzi ni..."

"Nyamaza! Kashike jembe."

Getnet mwenyewe hakujua anataka nini, na kesho yake ndiyo ilikuwa mwisho wa kukijibu chuo. Basi akaenda kituo cha afya kumwona Sista Bosena, mkunga wa hapo, akiwa kazini, apate kukata shauri.

Akamkuta Yeshi, mke wa jirani yao, yuko kitandani anamwita Bikira Maria na kumtukana mumewe kwa zamu. Getnet akarudi nyuma kuelekea mlangoni. Yeshi akamdaka mkono, akaufinya kwa kucha.

"Usiniache, we mtoto wa Mekuria!"

"Siendi popote, dada."

Kweli hakwenda. Kikatoka kichwa, likatoka bega, kisha mtu kamili, amekunja ngumi, ana hasira na dunia nzima. Msichana. Akalia, na Getnet naye akalia, tena kwa sauti, bila haya.

"Futa kamasi," Sista Bosena akamwambia. "Kawaambie kina mama wapige vigelegele. Mimi bado nina kazi hapa."

Vigelegele saba ni mvulana, kondoo achinjwe. Vitatu ni msichana, kondoo arudi zizini. Hilo hata kondoo analijua. Na mwanamume hapigi, abadani.

Getnet alipofika chumba cha nyuma, lo! Kina mama walikuwa wameishiwa subira, wamelivamia genfo, ule ugali wa shayiri anaopikiwa mzazi, wenye dimbwi la siagi ya moto na pilipili. Mashavu yamevimba, machozi yanawatoka.

"Ni binti! Pigeni basi!"

"Mmh! Mmmh!"

Mama mkwe wa Yeshi akajaribu. Tonge likaruka likanata ukutani. Wengine wakamwashiria Getnet kwa mikono: piga wewe.

Nje wanaume wa ukoo na majirani, waliokuja na kondoo, walikuwa wametega masikio. Getnet akakumbuka zile ngumi ndogo. Yaani mtu ahangaike vile kuja duniani, halafu asikaribishwe kwa sababu ya ulafi? Akavuta pumzi, akapiga. Kimoja, viwili, vitatu. Akaona havitoshi, akaendelea.

"Dume! Dume!" wanaume wakashangilia uani. Mekuria, jirani aliyepewa kamba ya kondoo aishike, peke yake akageuka kuutazama mlango. Sauti ile aliijua; ndiyo iliyowaita ng'ombe wake kila jioni.

Getnet akatoka, shati limelowa jasho. "Ni wa kike," akasema.

"Mbona saba?" babu wa mtoto akang'aka. "Hujui kuhesabu?"

"Nimemwona akija, mzee. Vitatu havikumtosha."

Mekuria aliutazama mkono wa mwanawe, ulivyojaa alama za kucha. Akaitazama kamba. Aliona aibu, na chini ya aibu hiyo akaona fahari, nayo ikamuudhi zaidi.

"Vimepigwa saba," alisema hatimaye, "na kondoo huyu harudi zizini. Njoo umshike miguu, mkunga."