Kidole Kilichosimama

Tangu utotoni binti huyu hakuacha kitu bila kukigonga: meza, sufuria, hata mgongo wa mama yake, ambaye ndiye aliyempachika jina la Nyundo. Mjomba wake, fundi saa, peke yake aliona kwamba kelele zile zina mpangilio. Akamkalisha mbele ya tabla zake, ngoma mbili za Kihindi zipigwazo kwa vidole, ndogo kulia, kubwa kushoto, akamfunza kwa miaka sita.

Na alifunza kwa namna yake. Kwanza midundo ikaririwe kwa mdomo, dha dhin dhin dha, ndipo mikono ipewe ruhusa. Pigo alilionyesha mara moja tu, kisha akarudi kwenye saa zake, mgongo kwa mwanafunzi, akisahihisha kwa masikio.

"Umekimbia," alikuwa akisema bila kugeuka. "Nani anakufukuza?"

Siku ya usaili wa chuo cha muziki, Nyundo alipiga vile vile alivyofunzwa. Mwalimu mkuu, mama mmoja mpole, akamwuliza, "Mwanangu, kidole chako cha pete kinauma?"

"Hapana, mwalimu."

"Mbona kimesimama? Kinatakiwa kilale juu ya ngozi, cha shahada kikipiga ukingoni sauti itoke safi. Yako inatoka na ukungu. Mdundo unao, tena wa kutosha. Rudi baada ya mwezi, kidole kikiwa chini, nafasi yako nitakuwekea."

Njiani ndipo alipoelewa. Kidole cha pete cha Mjomba kilibanwa na mlango wa chuma kabla Nyundo hajazaliwa, na tangu hapo hakikukubali kulala. Kumbe miaka sita yote alikuwa akiiga ajali, maskini, tena kwa bidii.

Angemwambiaje? Nyumbani alisema tu kwamba ameambiwa arudi.

"Wana masikio hao," Mjomba akajibu, akitabasamu. "Watakuchukua."

Maneno hayo yalimchoma kuliko ya mwalimu. Basi akawa anafanya mazoezi kwa kuibia, Mjomba akitoka kupeleka saa za wateja. Kidole kilikuwa kikaidi. Akikisahau kidogo tu, kimesimama. Wiki ya tatu, asubuhi moja, kikalala chenyewe, na ile tabla ndogo ikalia sauti angavu ambayo hajawahi kuitoa. Kwa furaha hakusikia mlango ukifunguliwa.

Alipoinua macho, Mjomba alikuwa amesimama pale na funguo mkononi. Nyundo akakiinua kidole haraka, akarudia mdundo wa zamani.

Mjomba akaketi sakafuni mbele yake. Akautazama mkono wa mpwawe, kisha wake, kwa muda mrefu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaumia, Mjomba."

"Nimeumia," akasema.

Kisha akakishika kile kidole, akakilaza taratibu juu ya ngozi, akakishikilia hapo.

"Piga, mama. Sauti hiyo sijaisikia tangu ule mlango uninibane."