Aliyesimama Kichwani kwa Pancras

Uwanja wa mazoezi wa fundi Husseni uko nyuma ya kibanda chake cha kuchomelea mageti, hapa Masasi. Hauna paa. Kuna benchi alilolichomelea mwenyewe, na kuna chuma kirefu, yaani bomba lenye ndoo za rangi zilizojazwa saruji huku na huku. Mimi nauza uji na mihogo ya kuchemsha mlangoni. Wanaofanya tizi pale wote walinijua kwa kazi mbili, uji na kumsimamia Pancras.

Kumsimamia ni hivi. Mtu akilala chali kwenye benchi, akashusha chuma kirefu mpaka kifuani, kikimshinda kukirudisha hana pa kukitupa. Kitamlalia kifuani au kitateremka shingoni. Kwa hiyo mwingine anasimama kichwani pake, mikono chini ya chuma bila kukigusa, na akisikia "Shika!" anakishika. Kwa Husseni hakuna anayekubali kusimamiwa na mtu yeyote tu. Wanaume wakikosana, jambo la kwanza wanaacha kusimamiana. Ukitaka kujua nani yuko na nani, huulizi, unatazama kichwani pa benchi.

Pancras anabeba magunia ya korosho ghalani, na ni mchumba wangu. Alikuwa ameniahidi kwamba msimu ukiisha wajomba zake watapanda Makote, kijijini kwetu, kuonana na wajomba zangu. Nilimwamini. Lakini ahadi ya mdomo ni ya mdomo, na pale kichwani watu wote waliniona. Nilizoea kuuona uso wake ukiwa umegeuka, kidevu juu, paji la uso chini, macho yananitafuta kabla hajakitoa chuma kwenye nguzo za benchi. Nilizoea na kisigino chake cha kushoto. Kikinyanyuka tu kutoka chini, chuma kimemshinda, kinarudi kifuani. Nilikuwa nashika kabla hajasema.

Halafu akaja mwalimu Loyce.

Ametokea Bukoba, anafundisha michezo katika sekondari moja. Mwanamke mrefu, mabega yamejaa, suruali ya michezo inamkaa. Siku ya kwanza alinunua mihogo kwangu, akala amesimama, huku anamtazama Pancras akisukuma.

"Mdogo wangu, yule ni nani wako?" akaniuliza.

"Mchumba wangu, mwalimu."

"Mkono wake wa kushoto umelala."

"Haujalala. Si unaona unasukuma?"

"Unasindikizwa," akasema, akafuta vidole.

Nilitamani kumrudishia hela yake. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeona. Pancras gunia hulitia bega la kulia siku zote, na ile ncha ya kushoto ya chuma ilikuwa ikichelewa kupanda. Nilikuwa nimeona nikanyamaza, maana hata ikichelewa mimi nipo.

Kesho yake akaja na begi. Ndani mlikuwa na dambeli mbili, vyuma vifupi vya kushika kimoja kila mkono, vyeusi, vina mpira. Husseni alizigeuzageuza kama mtu aliyeletewa mtoto wa jirani amlee.

"Mwalimu, Nane Nane Newala wanashindania chuma kirefu. Hizi atazipeleka wapi? Akapigie chapati?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka zaidi yao.

"Fundi," Loyce akamjibu, "chuma kirefu kinamficha. Mkono wa kulia unabeba kazi, wa kushoto unapokea sifa. Mpe kila mkono mzigo wake uone utakaolia. Mashindano yakikaribia atarudi kwenye bomba lako."

"Na bomba litakuwa limeshamsahau."

"Litamkumbuka. Kwani bomba lina akili ya kusahau?"

Pancras akalala, Loyce akapiga goti kando yake, akampa dambeli moja moja, maana zilikuwa nzito na mtu aliyelala hawezi kuziokota mwenyewe. Mkono wa kulia ukapanda. Wa kushoto ukafika katikati, ukatetemeka kama mguu wa mbuzi aliyezaliwa sasa hivi, ukaanguka upande. Dambeli ikazama kwenye mchanga, puu! Pancras akacheka kwa aibu. Nilikuwa nimeshasogea kichwani, mikono tayari.

"Hapana, dada, huku hakuhitajiki mtu," Loyce akaniambia kwa upole. "Zikimshinda anaziachia kando."

Nikabaki na mikono yangu. Uji ulikuwa unachemka, nikarudi kwenye uji.

Ndivyo ilivyokuwa tangu siku hiyo. Nilikuwa nageuza mwiko na kutazama. Niliona namna Loyce anavyoweka vidole viwili chini ya kiwiko cha kushoto cha Pancras, si kukibeba, kukigusa tu, kiwiko kijue njia. Vidole viwili. Angeweka mkono mzima nisingeumia hivyo. Alimwita Panki, na yeye aliitika. Na tukirudi njiani, kila kitu kilikuwa mwalimu amesema. Mwalimu amesema nilale mapema. Mwalimu amesema dambeli zinashuka chini kuliko chuma, kifua kinafunguka. Mwalimu amesema gunia nibadilishe bega.

"Mwalimu hajasema mate nayo uyameze upande gani?" nikamwambia.

"Justa wewe!" Akacheka. Hakuona kitu.

Kibaya ni kwamba mkono uliamka. Wiki kwa wiki niliuona ukiamka. Ningemwona anadanganywa ningepata la kusema, lakini alikuwa anasaidiwa, na mtu anayemsaidia mchumba wako utamtukana kwa neno gani? Hata Husseni aliacha habari ya chapati. Baridi ilipoingia, Loyce akamrudisha kwenye chuma kirefu, na ndoo za saruji zikapanda sawasawa huku na huku. Kichwani pa benchi alikuwa amesimama yeye. Alisema anataka kumwona kutoka juu.

Nikangoja Pancras aseme kwamba pale ni pangu. Hakusema. Nikauliza mwenyewe.

"Newala nani atakusimamia?"

"Mwalimu. Kule kuna sheria, msaidizi akigusa chuma hata kwa ukucha haihesabiki. Yeye anazijua."

"Na mimi?"

"Wewe utakaa mbele kabisa na mama, mnione vizuri!" Alisema kama ananipa zawadi.

Newala ni kwetu. Mama angetoka Makote, na majirani wangekuja, watu ambao wameshaambiwa Justa ana mtu Masasi. Wangekuja kumwona mtu wa Justa, na kichwani pake wangemwona mwanamke mwingine. Nililiwaza hilo mpaka mihogo ikaungua.

Siku yenyewe Newala ilikuwa na ukungu na upepo ule wa kwetu, watu wamejifunga mashuka. Benchi liliwekwa jukwaani, na chuma kilikuwa cha kweli, kilichonyooka, kinang'aa. Mama alikaa nami mstari wa mbele, ana kifuko cha korosho za kukaanga mapajani. Kila mmoja alipewa nafasi tatu. Pancras akapanda, Loyce nyuma yake.

"Yule mrefu kichwani ni nani wake?" mama akauliza. "Dada yake?"

"Mwalimu wake, mama."

"Mwalimu wa nini?"

"Wa chuma."

Mama akatafuna korosho polepole. "Hm," akasema. Jirani aliyekaa nyuma yetu naye akasema hm.

Nafasi ya kwanza ilipita vizuri, watu wakapiga vigelegele. Ya pili wakaongeza vyuma, uzito aliokuwa akiuota tangu mwaka jana. Akashusha. Kikagusa kifua. Kikapanda hadi katikati, kikasimama. Nikatazama chini, na kisigino cha kushoto kikanyanyuka.

Nilikijua kile kisigino kuliko yeyote pale. Loyce alikuwa anatazama chuma tu. Nikasimama, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote:

"Shika!"

Loyce akashika. Nani asingeshika? Na wakati anashika niliona nilichokuwa sijakiona. Chuma kilikuwa kimeanza tena kupanda, ncha ya kushoto ikiwa sawa na ya kulia. Kisigino kilinyanyuka kama zamani, lakini mkono haukuwa wa zamani.

"Msaidizi amegusa," mwamuzi akasema. "Haihesabiki."

Pancras akakaa kwenye benchi, anahema. "Nani kasema shika? Mimi sijasema!" Kisha akageuza macho mstari wa mbele. Sauti yangu anaijua. "Justa?"

"Kisigino kilinyanyuka," nikasema. Ilisikika ndogo sana mbele ya watu wote wale.

"Kilikuwa kinapanda! Nilikuwa nacho!"

Mama akanivuta kitenge nikae. Sikukaa. Loyce akashuka jukwaani, akaja mpaka mbele yangu. Nikajua sasa ndiyo nasemwa, kwetu, mama yangu anasikia.

"Panda ukamsimamie wewe," akasema.

"Mimi?"

"Nikiisikia tena hiyo sauti yako nitashika tena, nakwambia ukweli. Moyo wangu uliruka. Afadhali uwe karibu, na mdomo wako nao. Ila usiguse. Hata uone nini."

Kwa hiyo nafasi yangu nilirudishiwa na yeye. Si Pancras aliyeniita. Nilipanda nikilijua hilo kila hatua.

Pancras alikuwa ameshalala. Macho yake yakageuka yakanitafuta, kidevu juu, paji chini.

"Usiguse," akasema.

"Nimesikia."

Akakitoa chuma kwenye nguzo. Kikashuka, kikagusa kifua, kikapanda hadi pale pale, kikasimama. Sikuhitaji kutazama kisigino. Mikono yangu ilikuwa chini ya chuma, wazi, na baridi ya kile chuma niliisikia vidoleni kabla ya kukifikia. Nilitaka kushika. Si kwa hofu peke yake. Nilitaka anihitaji, basi, mara moja tu, watu wote wa Makote waone. Kushoto kukatetemeka. Vidole nikaviacha wazi. Kushoto kukatulia, kukasukuma, na chuma kikapanda mbele ya uso wangu mpaka mikono yake ikanyooka.

"Imehesabika!"

Alikuwa bado amelala. "Ulishika?"

"Sikushika."

"Hata kidogo?"

"Hata ukucha."

Akanichekea kutoka kule chini, na nikatamani abaki amelala hivyo hivyo. Lakini akaruka, akashuka moja kwa moja kwa Loyce, mkono wa kushoto mbele kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka.

"Mwalimu, umeuona?"

"Sijauona. Nilikuwa natazama mikono ya Justa."

Loyce alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Mama alikuwa anammiminia korosho kiganjani, zile zile alizoniletea mimi, na anamuuliza kwao Bukoba wanakula nini.

Nikashuka. Pancras akanishika bega, anacheka na kila mtu. "Mwalimu anasema tukipumzika kidogo tunarudi kwenye dambeli. Nzito zaidi!"

"Sawa," nikasema. "Ya kushoto nitampa mimi."

Loyce akaacha kutafuna. "Ni nzito, Justa. Lazima upige goti, uinyanyue vizuri."

"Nimeona unavyopiga goti, mwalimu. Kila siku nimeona." Nikachukua kifuko cha korosho mapajani kwa mama. "Wewe utampa ya kulia."