Mawenzi Kifuani mwa Aikaeli

1.

TANGAZO KWA WATUMISHI, KITENGO CHA KUSAFISHA DAMU
Kifaa kinachokadiria potasiamu ya damu kwa kusoma mapigo ya moyo, pasipo sindano, kipo katika majaribio. Namba zake zisitumike kuamua tiba. Jibu linalotambulika ni la maabara pekee.

2.

7.3

Muuguzi Elinaike alikibandua kibandiko cha kifaa kifuani mwa Mzee Aikaeli, akakibandika upya.

7.3

Potasiamu ikifika huko, moyo huweza kusimama bila kupiga hodi.

3.

"Mzee, umekula nini?"

"Kama mlivyonifundisha. Ndizi nachemsha, maji namwaga na potasiamu yake, nachemsha tena."

"Na jana?"

"Jana mkamwana kajifungua. Dume!"

"Hongera! Na mtori wa mzazi, ile supu ya ndizi?"

"Mtori haumwagwi maji, mwanangu. Ungemwaga nini, baraka? Nilionja."

"Kikombe?"

"Vikombe vi—"

4.

Wewe unayesoma, weka vidole viwili chini ya taya. Hapo. Kila pigo huchora wimbi kwenye kioo cha kifaa, na wimbi huishia kwa kilima. Kilima cha mviringo, kama Kibo, kilele cha Kilimanjaro: salama. Kikichongoka kama Mawenzi, kilele jirani yake, potasiamu imezidi.

Elinaike aliukodolea macho mchoro wa Aikaeli. Aliona Kibo. Kifaa kiliona Mawenzi, bado mbali, nyuma ya mawingu.

Nani aaminiwe?

5.

Kutoka kwenye viti vya wagonjwa:

"Kanasoma damu bila kuigusa? Basi kapige na ramli!"

"Nyamaza wewe, kasije kakakusoma na moyo wenyewe."

6.

Damu za wagonjwa zilikuwa maabara tangu asubuhi, jibu mchana. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji. Zamu ya Aikaeli ilikuwa ya jioni. Mashine pekee ya kusafisha damu iliyo wazi ilikuwa ya zamu ya Mama Ndewira, mgonjwa mwenzake.

Tangazo lilikataza kuamua tiba.

Kuomba halikukataza.

7.

"Mama, mwachie Mzee zamu yako. Yeye ana 7.3. Wewe una 4.9, unaweza kungoja."

"Hiyo yangu kasema nani?"

"Kifaa."

"Hicho hicho?"

"Hicho hicho."

Mama Ndewira aliangua kicheko hadi akashika mbavu. "Yaani kikikosea, tumekwisha wawili!"

Lakini alikuwa ameshakunja khanga yake na kumwachia Mzee kiti.

8.

Damu ya Aikaeli ikaanza kuzunguka mirijani.

7.3

      7.0

            6.6

Elinaike aliusogelea mchoro, akatafuta neno la kumwambia Mzee, akapata moja tu.

Inashuka.

Viti vyote vilielekea kwenye kioo. Hata yule wa ramli.

"6.2! Mzee, mjukuu mwiteni Kifaa!"

"Na mimi niliyeachia zamu, nipewe mtori gani?" aliuliza Mama Ndewira, akicheka, mkono juu ya kifua chake mwenyewe.

9.

Simu ya mezani.

"Maabara hapa. Majibu ya asubuhi, wagonjwa wawili, Aikaeli na Ndew—"

"Subiri."

Elinaike alibonyeza kitufe cha sauti ya juu, akamtazama Mama Ndewira. Mama Ndewira akaitikia kwa kichwa.

"Sema sasa. Tuko wengi."