Sifa Tatu za Mwalimu Macharia

Nikiona barua ya Kiingereza iliyonyooka, kila kitenzi kimekaa na jina lake, mate hunijaa mdomoni kama mja mzito. Watu husifu, "Ona lugha!" Mimi nasikia kinyaa. Na kinyaa chenyewe hakikuanzia kwa mtu mwingine. Kilianzia kwa mkono wangu huu wa kulia.

Mwaka wa themanini na nane nilikuwa mwalimu bila cheti katika shule moja ya msingi nje ya Eldoret, barabara ya kwenda Ziwa. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: nafasi ya chuo cha ualimu. Nilikuwa nimeomba mara mbili, na mara mbili Kiingereza kikaniangusha. Mama yangu alishaanza kusema nirudi Moiben nikakamue ng'ombe, kwa sababu ng'ombe hawaulizi cheti.

Aliyenishika mkono ni Macharia. Alifundisha Kiingereza darasa la nane, mtu mwembamba wa Nyeri, koti moja, chaki nyuma ya sikio. Watoto wakitoka, alikaa na mimi ofisini mpaka saa kumi na mbili, bila kutaka hata kikombe cha chai.

"Madam Chepkoech, shida yako unatafsiri," aliniambia. "Kiswahili kina 'fanya' moja, inabeba kila kitu kama punda. Mwingereza ana mbili. Kazi ya nyumbani ni 'do', lakini makosa ni 'make', na uamuzi ni 'make'. Usiniulize kwa nini. Maneno yameoana, wewe jua nani ni mke wa nani."

Alinifundisha pia kupanga sifa. Kwetu jina hutangulia, sifa zikafuata nyuma kama ndama. Kwa Mwingereza sifa zote hupita mbele, jina likaja mwisho kama chifu. "Sifa moja ni maskini," alisema. "Mbili zinapigana. Weka tatu, sentensi inakaa. Nne ni kelele." Nikaandika kwenye daftari, tatu, nikapigia mstari.

Darasani alikuwa na katoni mbili za mafuta ya kupikia. Moja ilijaa vitenzi kwenye vipande vya manila, nyingine majina. Mtoto anachomoa kimoja huku, kimoja kule, darasa linaamua kama vinaoana. Vikioana, mtoto anatunga sentensi. Walivyoipenda hiyo kazi, aisee! Ungesikia kelele ukadhani wanagawiwa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali.

Sasa Februari ikaja uchaguzi wa mlolongo. Watu walipanga mistari kwenye uwanja wetu wa mpira, kila mmoja nyuma ya mtu wake. Mstari mmoja ulizunguka goli ukatoka mpaka kwa mahindi. Ule mwingine ungeuhesabu ukiwa bado unapiga miayo. Jioni ikatangazwa kwamba wa mstari mfupi ameshinda. Wazee wakachukua kofia zao, wakaenda nyumbani. Tulikuwa tumezoea kumeza, na hilo nalo tukalimeza.

Wiki iliyofuata nilikuwa nimekaa nyuma ya darasa la nane nikijifunza. Jepchirchir, msichana mpole asiyeinua hata mkono, akachomoa "win" katoni ya kwanza na "election" katoni ya pili. Darasa likasema vinaoana. Akasimama, akasema polepole, "The man who had the short line won the election."

Yaani mwenye mstari mfupi ndiye aliyeshinda. Mtoto alisema alichoona kwa macho yake! Macharia akatazama ubao, akatazama dirisha.

"Sentensi ni sahihi," akasema. "Kaa chini. Anayefuata."

Basi. Hayo tu. Mimi nilikuwepo, na ilikuwa mara hiyo moja tu.

Maneno yalifika kwa mwenyekiti wa chama wa kata kabla ya Ijumaa. Chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo hatukuhitaji kukitaja jina. Jumatatu hedimasta wetu, Bwana Bethwel, akaniita. Huyu alikuwa mtu wa kuvaa beji ya chama hata akienda zizini. Alikuwa akitokwa jasho kwenye baridi ile ya asubuhi.

"Wanataka barua ya kumshtaki Macharia," akasema. "Wasipochukua kazi yake, watachukua yangu. Nina watoto sita, Madam." Akanisukumia karatasi. "Nimeandika. Angalia kama iko sawa."

Nikasoma. Wacha! Ilikuwa takataka. Alikuwa ameandika kwamba Macharia "did a bad politics" siku fulani, na kwamba "he made children to laugh the government". Ukurasa mzima hivyo. Ingefika mjini wangeicheka, wakaitupa, na labda mambo yangeishia hapo. Hilo nililijua. Nataka uelewe kwamba nililijua.

"Fomu za chuo zimekuja," hedimasta akasema, akitazama kalenda. "Ninapendekeza mtu mmoja."

Ungeniuliza ningesema niliandika kwa sababu ya fomu. Hiyo ndiyo sababu ya heshima kidogo. Ukweli unanuka zaidi. Nilichukua kalamu nikitaka kukataa, halafu nikaona lile kosa la kwanza limekaa pale, na mkono ukaniwasha. Nikalirekebisha. Nikarekebisha la pili. "Did a bad politics" nikaifuta, nikaweka "spread political propaganda", na kitenzi kikakaa na jina lake vizuri, na mimi nikafurahi. Nilifurahi, shenzi mimi! Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunipa karatasi ya kusahihisha.

Nikafika sentensi ya mwisho. Nikaandika kwamba hiyo ilikuwa "a deliberate and dangerous campaign", kampeni ya makusudi na ya hatari. Nikaisoma. Ilichechemea. Sifa mbili zinapigana. Nikatafuta ya tatu, nikaipata, nikaichomeka katikati: "a deliberate, persistent and dangerous campaign". Persistent, yaani jambo la kila siku, lisilokoma. Sentensi ikakaa. Hedimasta akaisoma kwa sauti, akapiga mluzi.

"Umekomaa," akasema.

Baada ya siku nane akaja afisa wa elimu kutoka mjini, mtu mzima, mpole, wa miwani. Tulikaa ofisini: yeye, hedimasta, mwenyekiti wa chama, Macharia, na mimi niliyeitwa shahidi. Afisa aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

"Mwalimu Macharia, mtoto kuteleza ulimi siku moja, hilo ningekuonya nikaenda nyumbani," akasema. "Lakini hapa wameandika 'persistent'. Hiyo si siku moja. Hiyo ni tabia."

Macharia akaomba kuiona. Akapewa. Aliisoma taratibu kama anavyosahihisha, kidole kikitembea chini ya mstari. Kwenye sentensi ya mwisho kidole kikasimama. Hakuinua kichwa. Aliirudisha karatasi mezani, akainyoosha pembe iliyokunjika.

"Ina kosa?" afisa akauliza.

"Lugha haina kosa," Macharia akasema.

Afisa akanigeukia. "Madam, wewe ulikuwa ukikaa darasani mwake. Ni kweli ilikuwa kila wakati?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, "hapana", na mzee yule wa miwani angelichukua, nilimwona usoni kwamba alikuwa akilitaka. Mwenyekiti wa chama akakohoa. Hedimasta akaweka mkono juu ya zile fomu.

"Yes, sir," nikasema.

Macharia alifukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na nyumba ya shule akaambiwa aiache kabla ya Jumapili.

Jumamosi asubuhi nikasikia hodi. Ni Wahu, mke wake, mtoto mgongoni, anaburuta gunia la makaa lililojaa nusu. Lori la kuwapeleka Nyeri lilikuwa likinguruma barabarani.

"Hili halina nafasi kwa lori," akasema. "Mwalimu amesema tukuachie wewe. Amesema katika shule hii yote, hakuna aliyependa kazi yake kama wewe."

Nikamtazama usoni nikitafuta kama kuna mwiba ndani. Hakukuwa na kitu. Mume wake hakuwa amemwambia. Alikuwa amekaa na jambo hilo siku nne katika nyumba moja na mke wake, na hakunitaja.

"Na baridi ya huku, mama," Wahu akasema, "utalihitaji. Mungu akubariki."

Ningeweza kumwambia. Ningeweza hata kulikataa gunia. Nilisema asante, dada, safari njema, nikalivuta ndani, nikafunga mlango. Yalikuwa makaa mazuri, ya mti mgumu, hayatoi moshi. Niliyapikia mpaka Aprili, nikaenda chuoni.