Viatu Tisa vya Kulia

Chini ya kitanda cha msusi palikuwa na viatu tisa, na vyote tisa vilikuwa vya mguu wa kulia. Alivihesabu mara mbili. Raba nyeusi ya kazini, yenye madoadoa ya rangi za nywele, ilikuwapo. Pacha wake hakuonekana.

"Dada!" aliita, na nyumba nzima ikasikia.

Dada yake mkubwa akaja akifuta mikono. Alipoona viatu vimepangwa sakafuni, macho yakampaa darini.

"Vya kushoto niliwagawia watu ulipokuwa hospitali," alisema. "Sikutaka urudi uvione, roho ikuume bure."

"Na hivi?"

"Hivyo si bado una kazi navyo."

Siku nyingine msusi angecheka mpaka mbavu zimuume. Leo hasira zilimpanda. Ilikuwa miezi minne tangu lori limsage mguu wa kushoto na madaktari waukate chini ya goti, na miezi minne yote watu walimhurumia bila kumwuliza lolote. Walimhamisha chumba bila kumwuliza. Waliwaambia wateja wake kwamba ameacha kazi. Akisema anataka kurudi saluni, pumzika. Akilia, pumzika. Akinyamaza, wanasema afadhali, amekubali. Amekubali nini? Yeye alipoteza mguu mmoja tu, wao wakajitwalia mwili wote uliobaki!

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kujaribu mguu bandia. Fundi wa miguu hiyo alisisitiza aje na viatu vya kazini, vyote viwili, kwa sababu mguu husawazishwa kufuata kisigino cha kiatu. Akikosa leo, zamu nyingine ni baada ya miezi miwili. Mwenye saluni naye alishasema atamwekea kiti chake mpaka mwisho wa mwezi, basi.

"Tuahirishe," dada alisema. "Haraka ya nini? Pumzika kwanza."

Msusi akachukua magongo yake, akatangulia mlangoni.

Karakana ya fundi ilinuka gundi. Katikati palikuwa na vyuma viwili vya kushikilia, na kioo kirefu ukutani. Fundi alimsaidia msusi kuketi, kisha akamgeukia dada.

"Anavaa namba ngapi?"

"Thelathini na tisa. Ila viatu tumevisahau, tutarudi siku nyingine."

"Tumevisahau akina nani?" Msusi alifoka hata fundi akadondosha bisibisi. "Mimi sijasahau kitu. Na wewe fundi, mguu ni wangu na mdomo ninao. Niulize mimi."

Fundi akaomba radhi. Akamwuliza yeye, akimtazama usoni, kama kuna kiatu chochote cha kutumia.

Msusi akatazama miguu ya dada yake. Raba nyeupe, soli bapa kama zake za kazini. Tangu utotoni waliazimana viatu, na kuvigombania.

"Vua."

"Nivue nini?"

"Viatu. Vyote viwili."

"Jamani, mdogo wangu, nitembee pekupeku? Watu wataniangalia!"

"Mimi wananiangalia kila siku. Vua."

Dada akavua. Fundi akauvisha mguu bandia kiatu kimoja, kingine msusi akavaa mwenyewe. Akashika vyuma, akasimama. Kigutu kiliwaka moto, machozi yakamtoka, na hakujua kama ni ya maumivu au ya hasira. Hatua ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akayumba, dada akaruka kumdaka.

"Niache!"

Dada akarudi ukutani, amekunja vidole vya miguu juu ya saruji baridi.

"Unataka nifanye nini?" akauliza mwishowe.

Kwa miezi minne, hiyo ilikuwa mara ya kwanza dada kumwuliza anataka nini.

"Nenda saluni sasa hivi. Waambie wateja wangu uliwadanganya, narudi kabla mwezi haujaisha."

"Hivi hivi, bila viatu?"

"Hivyo hivyo."

Dada akatoka pekupeku. Msusi akafuta uso kwa bega, akapiga hatua ya nne.