Uso wa Jumamosi

Bi Peng alipokuwa akisoma habari kwenye simu yake, hakuna aliyethubutu kutupa kigae cha mchezo wa mahjong mpaka amalize. Alikuwa karani wa posta kabla ya kustaafu, na bado aliamini kwamba habari haijafika mpaka ipite mikononi mwake. Zigong, mji wao huko China, ulijengwa kwa biashara ya chumvi, naye Bi Peng hakuwa mchoyo. Kila habari aliitia ya kutosha.

"Sikilizeni hii," alisema, miwani imemshuka puani. "Mzee mmoja, mjukuu wake kamshikia simu usoni. Babu, fumba macho. Babu, fumbua. Mzee kafumba, kafumbua. Kesho yake nyumba si yake."

"Siku hizi kupepesa macho ndiyo saini," alisema Mzee Shi, ambaye alitoa maoni juu ya kila chombo asichojua kukiwasha.

Ilikuwa zamu ya Bi Luo Guixiang kutupa. Kigae kilimganda mkononi. Kila Jumamosi mjukuu wake Doudou, kijana wa miaka kumi na minne, alikuja kwake na mfuko wa machenza, akamshikia simu usoni, naye akafumba na kufumbua kama alivyoambiwa. Ni mambo ya pensheni, mtoto alimwambia. Serikali inataka kuhakikisha kwamba bado yu hai.

"Peng," aliuliza, kana kwamba anauliza bei ya vitunguu, "ule uso wa pensheni, wewe unaupiga mara ngapi?"

"Mara moja kwa mwaka. Kwani wewe unakufa kila wiki?"

Meza nzima iliangua kicheko. Bi Luo alicheka nao.

Wiki ile hakulala usingizi wa maana. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili tu, ghorofa ya tatu, urithi wa marehemu mumewe aliyemaliza ujana wake kwenye kiwanda cha chumvi. Lakini mwaka mpya uliopita mkamwana wake Ruolan, mama yake Doudou, alisimama dirishani akaitazama barabara mpya inayojengwa, akasema, "Mama, hapa patapanda thamani." Wakati ule Bi Luo alidhani anasifiwa. Sasa kila neno alilowahi kuambiwa na mkamwana yule alilirudia, akalichambua kama mchele wenye mawe, na mawe aliyapata kweli, maana anayeyatafuta hayakosi.

Na huyo Doudou? Zamani alionekana mwaka mpya na siku ya kufagia makaburi, basi. Ghafla kila Jumamosi, na machenza juu. Bi Luo alikuwa amewaringia majirani kwamba mjukuu wake anampenda. Ni nani anayempelekea kikongwe machenza bila sababu? Swali hilo lilimwuma, na lilimwuma zaidi kwa kuwa mwulizaji ni yeye mwenyewe.

Jumamosi ilipofika aliizika hati ya nyumba ndani ya pipa la mchele. Kisha akapika sungura kwa pilipili nyingi, maana hata mwizi, kama ni mjukuu, hula.

Doudou aliingia, akavua viatu, akaweka machenza mezani. "Bibi, tazama hapa kidogo. Ile ya pensheni."

Bi Luo aliketi, akanyoosha mgongo, akafumba macho.

"Sasa fumbua."

Hakufumbua. Simu ililia, ikalia tena.

"Bibi, fumbua. Inakataa."

"Ikatae. Nani amekutuma?"

"Sijatumwa na mtu."

"Mama yako?"

"Mama?" Sauti ya mtoto ilipanda. "Bibi, tafadhali, mama asijue. Akijua atanichuna ngozi."

Bi Luo alifumbua jicho moja. Hilo hakulitarajia. "Kumbe unaniibia peke yako?"

"Nakuibia nini?"

"Nyumba."

Doudou alimtazama bibi, akaitazama simu. Kisha masikio yakamwiva, akaigeuza simu ili bibi aione. Ndani alisimama askari mwenye kofia ya dhahabu juu ya ukuta, na chini yake maandishi yakimtaka mchezaji athibitishe uso.

"Ni gemu, bibi. Sisi wa chini ya miaka kumi na minane tumebanwa na sheria. Tunapewa muda wa saa moja tu kwa siku, jioni, Ijumaa hadi Jumapili, na wakati huohuo mama kaniwekea masomo ya ziada. Ndiyo nikatumia kitambulisho chako. Wenye gemu wanadhani anayecheza ni wewe."

"Mimi?"

"Luo Guixiang, miaka sabini na mmoja. Wakishuku ni mtoto, wanataka kuona uso. Na wanakushuku kila wiki, maana kwa bibi unapigana kikali mno. Juzi umevunja ngome mbili."

Bi Luo alicheka mpaka akashika meza. Nyumba ilikuwa salama. Ruolan hakuwa na kosa, maskini, zaidi ya kutazama nje ya dirisha. Alimvuta mtoto sikio, akamwita jambazi, akampakulia minofu ya sungura. Alikuwa akimwongezea wali mwiko ulipomsimama mkononi.

"Hao watu wa gemu, walianza lini kutaka uso wangu?"

"Baada ya sikukuu ya mwezi mpevu."

"Na wewe ulianza lini kuja?"

Doudou aliinamia bakuli, akawa anatenga pilipili, moja moja, kama mtu aliyepewa kazi hiyo. Bi Luo alizihesabu Jumamosi mwenyewe; zilianzia palepale. Iliuma. Iliuma kuliko nyumba, kwa kuwa nyumba ikiibwa kuna mahali pa kwenda kushtaki.

Mtoto alimwona uso ulivyomshuka, akadhani ni hasira. "Usikasirike, bibi. Sitakusumbua tena. Kuna mwenzangu darasani anajua ujanja wake. Nakurekodi leo tu. Unageuka kulia, kushoto, unafumba macho, unafungua mdomo, kwisha. Uso nitakuwa nao mwenyewe."

Alisema kwa moyo safi, kama mtu anayekupokea mzigo njiani. Bi Luo aliitazama simu. Dakika moja mbele ya kile kioo, na Jumamosi zake zote zimekwenda.

"Huyo mwenzako simjui," alisema. "Ataniuzia nyumba."

"Bibi, hawezi. Ni gemu tu."

"Wewe umesoma habari? Bi Peng kasoma. Mzee wa watu kafumba macho, kesho yake yuko barabarani. Leo gemu, kesho nyumba."

Hakuamini hata neno moja la aliyokuwa akisema. Alidanganya mchana kweupe, tena bila haya.

"Uso wangu hautoki humu ndani," alisema. "Ukiutaka, uufuate. Na kwanza utakula."

Doudou alimtazama, macho kayafinya. "Kweli ni nyumba unayoogopea?"

"Kweli."

Hakuonekana kusadiki, lakini alivishika vijiti vyake akaendelea kula.

Siku chache baadaye Bi Peng alitua vigae vyake, akasafisha koo. Safari hii watu walikuwa wakibishana mtandaoni. Wazazi wengine wanasema gemu ziendelee kubanwa, wengine wanasema watoto wakubwa wakubwa walegezewe.

"Walegezewe," alisema Mzee Shi. "Kijana wa miaka kumi na sita ni mtu mzima."

"Hata mimi naona hivyo," alisema Bi Peng.

Bi Luo alipiga kigae chake mezani hadi vikombe vya chai vikatikisika. "Wasilegeze. Waongeze."

Bi Peng alimchungulia juu ya miwani, kama alivyokuwa akikichungulia kifurushi kisicho na jina la mtumaji. "Na wewe una maoni ya teknolojia tangu lini?"

"Wabanwe mpaka miaka thelathini," alisema Bi Luo. "Thelathini na mitano, kama inawezekana."